Upimaji wa Kiwango cha Alkoholi katika Vitakasa Mikono kwa Spektroskopia ya Infraredi: Misingi, Uwezo na Mipaka ya Mbinu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna spektroskopia ya infraredi inavyotumika kupima kiwango cha alkoholi katika vitakasa mikono, na yanabainisha mipaka ambayo mpimaji hana budi kuizingatia kabla ya kutoa hukumu juu ya bidhaa. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii inajibu swali ambalo haidromita haiwezi kulijibu, yaani aina ya alkoholi iliyomo, na si wingi wake pekee. Hata hivyo, usahihi wa jibu hutegemea mambo matatu: uteuzi wa ukanda wa ufyonzaji, ufanano wa sampuli sanifu na bidhaa inayopimwa, na namna kiwango cha shaka kinavyoingizwa katika uamuzi. Aidha, makala yanaonesha kwamba mbinu hii hufichua uchakachuaji mkubwa wa methanoli, lakini haitoshi kuthibitisha kwamba methanoli iko chini ya kikomo cha usalama.

Istilahi muhimu: kitakasa mikono, ethanoli, methanoli, infraredi, kalibresheni, kiwango cha shaka

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2020, wagonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 walipotangazwa nchini Kenya na Tanzania, kitakasa mikono kilikuwa tayari bidhaa ya kawaida hospitalini. Katika muda mfupi kilihamia milangoni mwa maduka, vituo vya mabasi, nyumba za ibada na madarasa. Mahitaji yaliongezeka ghafla kuliko uwezo wa viwanda vilivyozoea kuitengeneza bidhaa hii, na watengenezaji wapya wakaingia sokoni. Hali hiyo ilizua swali la kimaabara lenye uzito wa kijamii: je, kimiminika kilichomo ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa kwenye lebo?

Swali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni upungufu. Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri kitakasa mikono kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Bidhaa iliyo chini ya hapo humpa mtumiaji imani bila kumpa kinga ya kutosha. Upande wa pili ni udanganyifu wa aina. Kati ya Mei na Juni 2020, wagonjwa watu wazima 15 katika majimbo ya Arizona na New Mexico walilazwa kwa sumu ya methanoli baada ya kunywa vitakasa mikono, na wanne kati yao walifariki. Afrika Mashariki nayo inaijua hatari ya methanoli kutokana na vifo vilivyotokea Kenya mwezi Mei 2014, wakati methanoli ilipoingizwa katika pombe iliyouzwa kwa wananchi. Hivyo basi, kipimo kinachotaja wingi wa alkoholi bila kutaja aina yake kinaacha nusu ya swali bila jibu.

2.0 Kinachopimwa: Maana ya Asilimia

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa fomula mbili kwa ajili ya uzalishaji wa ndani. Fomula ya kwanza ina ethanoli asilimia 80 kwa ujazo, gliseroli asilimia 1.45 na hidrojeni peroksidi asilimia 0.125. Fomula ya pili ina isopropanoli asilimia 75 kwa ujazo pamoja na viambajengo vilevile viwili. Alkoholi ndiyo inayoua vijidudu. Gliseroli huilinda ngozi isikauke. Hidrojeni peroksidi huondoa spora zinazoweza kuwamo katika malighafi au vyombo, na ndiyo sababu mchanganyiko hutengwa kwa saa 72 kabla ya kutumiwa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa hii ina kiwango chake cha kikanda, EAS 789.

Neno "asilimia" linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa linabeba maana mbili zinazotofautiana kwa kiasi kikubwa. Asilimia 60 ya ethanoli kwa ujazo ni sawa na takribani asilimia 52 kwa tungamo. Kwa upande mwingine, asilimia 60 kwa tungamo ni sawa na karibu asilimia 68 kwa ujazo. Lebo isiyotaja kizio cha asilimia yake inaacha mwanya wa takribani asilimia nane, na mwanya huo ni mpana kuliko kosa la kifaa chochote kinachojadiliwa katika makala haya.

Chanzo cha tofauti hii ni densiti. Densiti ya ethanoli katika nyuzi 20 za Selsiasi ni gramu 0.789 kwa mililita, ilhali ya maji inakaribia 1. Pamoja na hayo, ethanoli na maji vikichanganywa ujazo hupungua, kwa sababu molekuli za vimiminika hivi hushikana kwa vifungo vya hidrojeni na kukaa kwa ukaribu zaidi. Mililita 60 za ethanoli zikichanganywa na mililita 40 za maji hazitoi mililita 100, bali takribani mililita 96. Mchanganyiko unaopatikana una ethanoli ya zaidi ya asilimia 62 kwa ujazo. Mpimaji anayeandaa sampuli sanifu kwa njia hiyo na kuiita "asilimia 60" ameingiza kosa katika kila kipimo kitakachofuata.

3.0 Haidromita na Mipaka Yake

Kifaa kinachotumika zaidi katika vituo vya uzalishaji ni haidromita ya alkoholi, na WHO yenyewe imekipendekeza kwa udhibiti wa ubora. Ni cha bei nafuu, hakihitaji umeme, na hutoa jibu papo hapo. Hata hivyo, haidromita haipimi alkoholi. Inapima densiti, kisha mizani iliyochorwa kwenye shina lake huitafsiri densiti hiyo kana kwamba kimiminika ni ethanoli na maji pekee. Udhaifu wake unatokana na dhana hiyo, na unajitokeza katika maeneo manne.

Kwanza ni jotoridi. Haidromita nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20. Katika chumba cha nyuzi 30, hali ambayo si ngeni Dar es Salaam wala Mombasa, kimiminika hutanuka, densiti hushuka, na usomaji hupanda kwa takribani asilimia tatu. Kitakasa chenye asilimia 58 kinaweza kusomeka kuwa kimevuka 60 iwapo jedwali la marekebisho halikutumika.

Pili ni viongezwa. Gliseroli ina densiti ya gramu 1.26 kwa mililita. Hata kwa kiwango kidogo kilichomo katika fomula za WHO, huongeza densiti kiasi cha kushusha usomaji kwa takribani asilimia moja. Bidhaa zenye gliseroli nyingi zaidi huathirika kwa kiasi kikubwa zaidi.

Tatu ni mnato. Bidhaa nyingi za sokoni ni jeli iliyozitishwa kwa polima. Haidromita haielei kwa uhuru ndani ya jeli, na viputo vya hewa vilivyonaswa humo hubadili densiti.

Nne, na lenye athari kubwa kuliko yote, ni kutotambua aina ya alkoholi. Densiti ya methanoli ni gramu 0.792 kwa mililita, karibu sawa na ya ethanoli. Mchanganyiko wa maji na methanoli ya asilimia 80 kwa ujazo, usio na hata tone la ethanoli, una densiti ya takribani gramu 0.863 kwa mililita. Haidromita ya ethanoli ingeusoma kuwa takribani asilimia 79, yaani ndani kabisa ya mipaka ya asilimia 75 hadi 85 inayokubalika kwa fomula ya kwanza ya WHO. Sumu ingepewa cheti cha ubora, wala haidromita isingetoa ishara yoyote ya hitilafu.

4.0 Misingi ya Spektroskopia ya Infraredi

4.1 Mitetemo ya Molekuli

Atomu ndani ya molekuli hazikai tuli. Vifungo baina yake hurefuka, hufupika na hupinda kwa masafa maalumu yanayotegemea tungamo za atomu na uimara wa kifungo. Mionzi ya infraredi yenye masafa yanayolingana na mtetemo fulani hufyonzwa, mradi mtetemo huo unabadili mgawanyo wa chaji katika molekuli. Mchoro wa ufyonzaji dhidi ya namba ya wimbi huitwa spektra, na kila aina ya molekuli ina spektra yake.

Uhusiano kati ya ufyonzaji na wingi unaelezwa na kanuni ya Beer na Lambert: A = εbc, ambapo A ni ufyonzaji, ε ni kigezo cha molekuli husika, b ni urefu wa njia ya mwanga ndani ya sampuli, na c ni mkolezo. Ni muhimu kutambua kwamba c ni kiasi cha dutu katika ujazo. Kwa hiyo, ufyonzaji wa ethanoli unakaribia kuwa na uhusiano wa mstari mnyoofu na asilimia kwa ujazo. Ukichorwa dhidi ya asilimia kwa tungamo, mstari hupinda, na mpinda huo usichukuliwe kuwa hitilafu ya kifaa.

4.2 Akisiko Kamili la Ndani

Maji hufyonza mionzi ya infraredi ya kati kwa nguvu kubwa. Sampuli yenye unene wa hata sehemu ya kumi ya milimita huzuia karibu mwanga wote katika maeneo fulani ya spektra. Vilevile, madirisha ya chumvi yanayotumika katika upimaji wa kawaida huyeyuka yakiguswa na maji. Tatizo hili hutatuliwa kwa mbinu ya akisiko kamili la ndani, inayojulikana kwa kifupi cha ATR. Mwanga hupitishwa ndani ya fuwele yenye kipeo kikubwa cha mpindo, kama vile almasi, na huakisiwa kwenye uso unaogusana na sampuli. Katika kuakisiwa huko, sehemu ndogo ya nishati hupenya ndani ya sampuli kabla ya kurudi.

Kwa fuwele ya almasi yenye kipeo cha 2.4, pembe ya nyuzi 45 na sampuli yenye kipeo cha 1.36, kina cha mpenyo katika 1045 cm⁻¹ ni takribani mikromita 1.5, na katika 877 cm⁻¹ ni takribani mikromita 1.8. Njia hiyo fupi ndiyo inayowezesha sampuli yenye maji kupimwa bila kuzimuliwa, na tone moja linatosha. Jeli nayo hupimwa kama ilivyo, mradi igusane na uso wote wa fuwele bila viputo.

4.3 Alama za Kila Alkoholi

Ethanoli hutambulika kwa kanda mbili za kifungo cha kaboni na oksijeni, karibu na 1045 na 1087 cm⁻¹, pamoja na ukanda mdogo karibu na 877 cm⁻¹. Isopropanoli huonekana karibu na 950 cm⁻¹ na pia karibu na 816 cm⁻¹, maeneo ambako ethanoli haina ukanda wenye nguvu. Methanoli ina ukanda mkuu karibu na 1020 cm⁻¹. Maji huonekana karibu na 1640 cm⁻¹ na katika ukanda mpana unaozunguka 3300 cm⁻¹. Eneo hilo la mwisho halifai kupimia, kwa sababu vifungo vya oksijeni na hidrojeni vya maji na vya alkoholi zote hukusanyika humo.

5.0 Uteuzi wa Ukanda

Mpimaji asiye na uzoefu huvutwa na ukanda wa 1045 cm⁻¹ kwa sababu ndio mrefu kuliko yote katika spektra ya ethanoli. Uteuzi huo una hatari. Gliseroli nayo ina vifungo vya kaboni na oksijeni, na hufyonza karibu na 1040 na 1110 cm⁻¹. Propileni glikoli, ambayo huongezwa katika baadhi ya jeli, hufyonza pia karibu na 1040 cm⁻¹. Ufyonzaji wa viongezwa hivyo huhesabiwa kuwa ethanoli, na bidhaa pungufu huonekana kuwa imetimia. Kwa maneno mengine, gliseroli inayoishusha haidromita ndiyo hiyo hiyo inayopandisha kipimo cha infraredi iwapo ukanda umechaguliwa bila uangalifu.

Ukanda wa 877 cm⁻¹ ni mdogo zaidi, lakini hauingiliwi sana na gliseroli. Una changamoto yake: maji yana ufyonzaji mpana unaoongezeka kadiri namba ya wimbi inavyoshuka chini ya 900 cm⁻¹, hivyo ukanda huu hukaa juu ya mteremko. Inafaa basi kuchora mstari wa msingi baina ya nukta mbili zilizo pande zote za ukanda, na kupima eneo lililo juu ya mstari huo badala ya kimo pekee. Kupima eneo kuna faida ya ziada, kwani kilele husogea kidogo kadiri uwiano wa maji na ethanoli unavyobadilika. Hidrojeni peroksidi ina mtetemo wa oksijeni kwa oksijeni karibu na eneo hilohilo. Hata hivyo, mtetemo huo ni hafifu mno katika infraredi, na kwa mkolezo wa asilimia 0.125 athari yake haina uzito.

Njia mbadala ni kutumia spektra nzima kwa mbinu za takwimu za vigeu vingi, kama vile rigresheni ya miraba midogo ya sehemu. Mbinu hizo hutenganisha kanda zinazopishana, lakini hudai sampuli sanifu nyingi zinazowakilisha bidhaa halisi. Modeli iliyofundishwa kwa mchanganyiko wa ethanoli na maji pekee haina msingi wa kuhukumu jeli yenye manukato na glikoli.

6.0 Hatua za Upimaji na Vyanzo vya Makosa

Upimaji unaoaminika huanza kwenye mizani. Ili kupata mililita 100 za sampuli sanifu ya asilimia 60 kwa ujazo, gramu 47.4 za ethanoli safi hupimwa ndani ya chupa ya ujazo, kisha maji huongezwa hadi alama katika nyuzi 20. Sampuli sanifu zinapaswa kutandaa chini na juu ya kiwango kinachotarajiwa, kwa mfano kuanzia asilimia 50 hadi 90, na kila moja iwe na gliseroli kwa kiasi kinachofanana na kile cha bidhaa.

Baada ya kalibresheni, sampuli sanifu nyingine ambazo hazikutumika kuchora mstari hupimwa kana kwamba hazijulikani. Hatua hii ndiyo mtihani halisi wa mbinu. Kigezo cha R² kilicho karibu na 1 huonesha tu kwamba nukta zimekaa karibu na mstari. Hakioneshi kwamba mstari unatoa jibu sahihi kwa bidhaa yenye viambajengo tofauti. Kwa sababu hiyo, kiasi kinachojulikana cha ethanoli huongezwa katika bidhaa yenyewe ili kuona iwapo ongezeko lote linapatikana katika kipimo.

Vyanzo vya makosa vinavyohitaji uangalifu ni vitatu. Cha kwanza ni mvukizo. Ethanoli huchemka katika nyuzi 78, na tone lililoachwa wazi juu ya fuwele hupoteza alkoholi kwa kasi kubwa kuliko maji. Kipimo kinachochelewa huonesha upungufu ambao haumo ndani ya chupa. Tone hufunikwa, na muda kati ya kulidondosha na kulipima huwa mmoja kwa sampuli zote. Cha pili ni usafi wa fuwele. Polima ya jeli huacha utando usioonekana kwa urahisi, na fuwele iliyosafishwa kwa isopropanoli bila kuachwa ikauke itazaa ukanda wa 950 cm⁻¹ ambao si wa bidhaa. Spektra ya fuwele tupu inayochukuliwa kabla ya kila sampuli hufichua makosa yote mawili. Cha tatu ni uhifadhi: chupa isiyofungwa barabara, ikisafirishwa juani, inaweza kufika maabara ikiwa na alkoholi pungufu kuliko ilipotoka dukani.

7.0 Kutoka Kipimo hadi Uamuzi

Kipimo hufanywa ili uamuzi ufuate. Mtengenezaji anaweza kunyang'anywa bidhaa, au mgonjwa anaweza kuhudumiwa kwa mikono isiyotakaswa. Kwa hiyo namba moja haitoshi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kipimo kimetoa asilimia 61.0 na kiwango cha shaka kilichopanuliwa ni asilimia 2.0. Thamani halisi inakadiriwa kuwa kati ya 59.0 na 63.0, na kikomo cha 60 kimo ndani ya masafa hayo. Maabara haiwezi kutamka kwa uthabiti kwamba bidhaa imefaulu, wala kwamba imefeli.

Utaratibu wa haki ni kuweka kanuni ya uamuzi kabla ya kupima. Iwapo lengo ni kumlinda mtumiaji, bidhaa hukubaliwa pale tu ambapo kipimo kimevuka kikomo kwa zaidi ya kiwango cha shaka, yaani asilimia 62.0 katika mfano huu. Iwapo lengo ni kumtia mtengenezaji hatiani, ushahidi huhitaji kipimo kilicho chini ya 58.0. Bidhaa zilizo katikati hupelekwa kupimwa kwa kromatografia ya gesi. Kanuni inayowekwa baada ya matokeo kujulikana hufungua mlango wa upendeleo, hata pale ambapo kifaa hakina dosari.

8.0 Suala la Methanoli

Uwezo wa infraredi kutenganisha 1020 na 1045 cm⁻¹ unaifanya iwe kinga ya kwanza dhidi ya uchakachuaji. Mchanganyiko wa methanoli uliotajwa katika sehemu ya 3.0, uliopita mbele ya haidromita bila kizuizi, hutambulika katika spektra moja kwa macho ya mpimaji, kabla hata ya hesabu yoyote.

Hata hivyo, kuna umbali mkubwa kati ya kugundua uchakachuaji na kuthibitisha usalama. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliweka mwaka 2020 kikomo cha muda cha methanoli cha sehemu 630 kwa milioni, yaani takribani asilimia 0.063. Kwa upimaji wa kawaida wa ATR, methanoli iliyo katika kiwango hicho humezwa na bega la ukanda wa ethanoli ulio jirani na wenye nguvu zaidi. Kutoonekana kwa ukanda wa 1020 cm⁻¹, basi, kunamaanisha tu kwamba methanoli haimo kwa wingi. Ripoti inayoandika "hakuna methanoli" kwa msingi wa spektra hiyo imesema zaidi ya ilichopima. Kauli sahihi ni "methanoli haikugunduliwa", ikifuatiwa na kikomo cha ugunduzi kilichothibitishwa na maabara husika. Uthibitisho wa kiwango cha chini hubaki kuwa kazi ya kromatografia ya gesi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba spektroskopia ya infraredi inafaa kuwa hatua ya kati katika udhibiti wa vitakasa mikono. Haidromita hubaki kiwandani kama kipimo cha kila siku kwa malighafi inayojulikana asili yake. Infraredi hutambua aina ya alkoholi, hupima wingi wake kwa tone moja, na huchuja sampuli nyingi kwa muda mfupi. Kromatografia ya gesi huachiwa sampuli zenye utata na uthibitisho wa methanoli kidogo. Mgawanyo huo wa kazi unazifaa maabara zenye vifaa vichache, kwa kuwa kifaa cha gharama kubwa hutumika pale tu ambapo vifaa vingine vimefikia mipaka yake.

Aidha, imebainika kwamba makosa mazito zaidi hayatokani na kifaa. Yanatokana na asilimia isiyotajwa kizio chake, sampuli sanifu isiyofanana na bidhaa, ukanda uliochaguliwa kwa urefu wake badala ya upekee wake, na ripoti inayogeuza kutogundua kuwa kutokuwapo. Watafiti na maabara wanaoripoti kiwango cha alkoholi katika bidhaa hizi wanapaswa kutaja wazi kizio, ukanda uliotumika, viambajengo vya sampuli sanifu, kiwango cha shaka na kikomo cha ugunduzi. Bila mambo hayo matano, namba iliyomo katika ripoti haiwezi kulinganishwa na namba ya maabara nyingine, wala haiwezi kuwa msingi wa kuiruhusu au kuizuia bidhaa ambayo watu wanaipaka mikononi kwa kuiamini.